Mwongozo Kamili: Kuchagua Programu ya Bure ya Kufuatilia Matumizi ya Nyumbani

Wanaoanza kuandika matumizi ya nyumba kwenye programu hukwama karibu mahali palepale. Wiki ya kwanza kila kitu kinaandikwa. Wiki ya tatu salio la kwenye skrini halifanani na pesa iliyopo, na hakuna anayejua tofauti imetoka wapi. Programu inafutwa, nyingine inapakuliwa, mambo yanaanza upya. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini daftari lisilolingana na mfuko nalo halina habari yoyote ya kukupa.

Mara nyingi kosa haliko kwenye programu. Liko kwenye namna ilivyochaguliwa: mtu ametazama picha za chati, akasoma sifa ishirini, akapakua. Hapa tunatumia kipimo kimoja tu: mwisho wa mwezi, je, kila salio la kwenye programu linalingana na pesa halisi bila pengo? Programu inayokuwezesha kufika hapo bila kuchoka ndiyo yako, hata kama haina chati moja ya kupendeza.

## Andaa hivi kwanza

- Taarifa ya mwezi mzima uliokwisha kwa kila akaunti: benki, kadi ya mkopo, akaunti ya pesa za simu. Ukiweza kuipata kama faili la OFX (muundo wa benki wa kubadilishana miamala) au CSV (jedwali la maandishi matupu), chukua hilo. PDF ni nzuri kwa kusoma, mbaya kwa kuingiza.
- Salio la kila mahali pesa zako zilipo, pamoja na taslimu. Taslimu ihesabiwe kwa mkono, isikadiriwe.
- Orodha ya wanaokudai na unaowadai, hata madeni madogo ya ndugu na marafiki.
- Risiti za wiki moja iliyopita.
- Kompyuta au simu utakayotumia kweli kila wiki.
- Diski mweko (flash) au diski ya nje kwa ajili ya nakala rudufu.
- Muda: saa 2 hadi 3 za kuanzia, kisha kama dakika 20 kila wiki.

Usianze kupakua chochote kabla vitu hivi havijawa mezani. Ukianza bila masalio, utaandika namba za kubuni, na namba ya kubuni uliyoanza nayo utatembea nayo mwaka mzima.

## Hatua ya 1: Andika swali unalotaka lijibiwe

Liandike kwenye karatasi, sentensi moja. "Kila mwezi chakula kinakula kiasi gani?" "Kwa nini mshahara unakwisha tarehe 20?" "Deni la kadi linapungua au linaongezeka?" "Nikilipa ada ya muhula ujao, nitabaki na nini?"

Sababu yake ni hii: programu hizi ziko za aina mbili kwa tabia. Zipo zinazotazama nyuma, yaani zinakuonyesha pesa ilikwenda wapi. Zipo zinazotazama mbele, yaani zinakulazimisha kuipangia kazi kila pesa kabla hujaitumia, kama bahasha za bajeti. Anayetaka kujua yaliyopita akipewa programu ya bahasha ataiona inamsumbua kwa maswali. Anayetaka kujizuia akipewa daftari la kumbukumbu atakuwa na historia nzuri ya pesa iliyokwisha.

Umefanikiwa ukiwa na sentensi moja ambayo mtu mwingine wa nyumbani akiisoma anaielewa.

## Hatua ya 2: Hesabu akaunti na watu

Orodhesha kila mahali pesa inapokaa: akaunti za benki, pesa za simu, kadi, akiba, taslimu ya mfukoni, taslimu ya nyumbani. Kisha andika ni nani ataingiza miamala na kwa kifaa gani.

Jibu la swali la pili huondoa nusu ya programu papo hapo. Kama watu wawili wataandika, kila mmoja kwenye simu yake, programu inayohifadhi faili moja ndani ya kompyuta moja haitawafaa. GnuCash, kwa mfano, ambayo ni programu ya bure ya kompyuta, haikutengenezwa kwa watu wawili kufungua hesabu zilezile kwa wakati mmoja. Huweka faili la kufuli lenye kiambishi .LCK mwishoni mwa jina lake na kumwonya wa pili. Onyo hilo lipo kwa sababu. Wakilipuuza, atakayehifadhi mwisho atafuta kazi ya mwenzake.

Katika nyumba nyingi suluhisho bora ni mtu mmoja kuingiza, na wengine kumkabidhi risiti au kumtumia ujumbe. Halivutii, lakini linadumu.

## Hatua ya 3: Tambua ni "bure" ya namna gani

Bure ziko tatu, na hazifanani hata kidogo.

Programu huria. Msimbo wake uko wazi na leseni inakuruhusu kuitumia bila malipo na bila kikomo. Mifano ni GnuCash, HomeBank, KMyMoney, Money Manager Ex, Firefly III na Actual Budget. Hata wanaoitengeneza wakiacha kazi, nakala uliyonayo inaendelea kufanya kazi na faili lako linabaki mikononi mwako.

Bure yenye kikomo. Unapewa akaunti mbili au tatu, au miezi michache ya historia, na zaidi ya hapo ni kulipa. Kikomo kibaya kuliko vyote ni kile kinachofungia kitufe cha kutoa data. Unaingiza bure, unatoka kwa malipo.

Bure inayolipiwa na matangazo au taarifa zako. Hapa soma sera ya faragha kabla ya kujisajili, hasa mahali inapozungumzia kushirikisha wahusika wengine.

Huduma ya mtandaoni inaweza pia kufungwa. Mint, huduma ya bure ya kampuni ya Intuit iliyokuwa ikitumiwa na watu wengi Marekani, ilifungwa Machi 2024. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama huduma ni maarufu. Ni kama leo hii unaweza kuondoka na data yako yote.

Onyo. Programu ya simu ikiomba ruhusa ya kusoma SMS zako ili ijaze miamala yenyewe, kumbuka kwamba SMS hizohizo ndizo hubeba namba za uthibitisho za benki. Na programu yoyote ikikuomba nenosiri la benki lenyewe, badala ya kukupeleka kwenye ukurasa wa benki kutoa idhini, iache.

## Hatua ya 4: Amua mtindo wa hesabu

Kuna hesabu za mguso mmoja: unaandika "chakula, 20,000", na salio linapungua. HomeBank na Money Manager Ex ziko upande huu. Ni rahisi kuanza nazo, na kwa nyumba yenye akaunti chache zinatosha kabisa.

Kuna hesabu maradufu: kila muamala una pande mbili, pesa imetoka hapa na imekwenda pale, na pande hizo lazima zilingane. GnuCash na KMyMoney zinafanya kazi hivi, na Firefly III pia imejengwa juu ya msingi huo. Zinahitaji siku chache za kuzoea, lakini huwezi kupoteza pesa katikati ya njia bila programu kukuonyesha. Ukiandika muamala usiolingana ndani ya GnuCash, tofauti inawekwa kwenye akaunti ambayo jina lake linaanza na neno Imbalance. Ukiiona ina salio, ujue kuna muamala haujakamilika. Usiifiche wala kuifuta. Fungua orodha yake na umalizie kila mstari.

Ushauri wetu ni huu. Kama una kadi ya mkopo, mkopo wa nyumba au wa gari, au watu wanaokudai mara kwa mara, nenda kwenye hesabu maradufu. Ugumu wa wiki ya kwanza unalipwa mapema. Kama una mshahara mmoja, benki moja na taslimu, mguso mmoja unatosha.

## Hatua ya 5: Chagua mbili za kujaribu

Mbili, si tano. Pakua kutoka tovuti rasmi ya mradi au duka rasmi la programu la kifaa chako, kamwe si kwenye tovuti za kukusanya programu, kwa kuwa hizo huambatisha vitu usivyoviomba.

HomeBank. Nyepesi, inafaa hata kompyuta ya zamani ya Windows au Linux. Faili lake lina kiambishi .xhb. Inajua kugawa muamala mmoja katika makundi kadhaa, na inaweza kupanga makundi yenyewe kwa kufuata maneno uliyoyaweka. Inafaa anayetazama nyuma.

Money Manager Ex. Windows, macOS na Linux, na ipo ya Android. Data yote inakaa katika faili moja la .mmb, ambalo kwa ndani ni hifadhidata ya SQLite. Unaweza kuchagua faili lililosimbwa kwa nywila, lenye kiambishi .emb. Nywila hiyo ikisahaulika, hakuna wa kukufungulia.

GnuCash. Windows, macOS na Linux. Hesabu maradufu kamili, miamala ya kujirudia, ripoti nyingi. Hailindi faili lake kwa nywila, kwa hiyo kama kompyuta inatumiwa na wengi, hifadhi faili kwenye diski au folda iliyosimbwa.

KMyMoney. Hesabu maradufu pia, yenye sura inayomsaidia zaidi asiyewahi kusoma uhasibu. Tungemwelekeza mtu hapa kabla ya GnuCash iwapo neno la kihasibu "debiti" linamtisha.

Actual Budget. Bajeti ya bahasha, na msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 2022. Inafaa anayetazama mbele. Ili vifaa kadhaa vilandane inahitaji seva ndogo unayoiendesha mwenyewe.

Firefly III. Inafunguliwa kwenye kivinjari, hivyo kila mwenye simu nyumbani anaifikia. Lakini inahitaji seva yenye PHP (lugha ya programu za wavuti) na hifadhidata, na mtu wa kuisasisha. Kama hakuna anayejua kutunza seva, isiwe kwenye orodha yako. Seva iliyosahaulika, ikiwa wazi kwenye intaneti na hesabu za familia ndani yake, ni hatari kuliko daftari lililoachwa mezani.

Lahajedwali (spreadsheet) nalo ni chaguo halali. LibreOffice Calc haina kikomo na unaielewa kila chembe. Udhaifu wake ni kwamba haikuzuii kukosea: fomula moja ikifutwa kwa bahati mbaya, jumla inabaki pale ikidanganya kwa utulivu.

## Hatua ya 6: Mtihani wa miamala kumi

Hapa ndipo uamuzi unafanyika, kwa hiyo usiharakishe. Fungua faili la majaribio katika kila programu kati ya zile mbili. Tengeneza akaunti nne: Benki yenye 500,000, Taslimu yenye 40,000, Kadi ya Mkopo yenye 0, na Ninaowadai yenye 0. Tumia sarafu yoyote. Kisha ingiza haya:

1. Mshahara umeingia Benki, 800,000.
2. Umetoa taslimu kutoka Benki, 100,000.
3. Benki imekata ada ya kutoa, 1,500.
4. Risiti moja ya dukani, taslimu 62,000: chakula 47,000 na vifaa vya usafi 15,000.
5. Nguo kwa Kadi ya Mkopo, 90,000.
6. Umerudisha nguo moja, Kadi imerejeshewa 30,000.
7. Umelipa deni la Kadi kutoka Benki, 60,000.
8. Umemkopesha ndugu taslimu 50,000.
9. Ndugu amerudisha 20,000 kupitia Benki.
10. Kodi ya nyumba kutoka Benki, 300,000.

Majibu sahihi: Benki 858,500. Taslimu 28,000. Kadi 0. Ninaowadai 30,000. Mapato ya mwezi 800,000. Matumizi ya mwezi 423,500. Ukijumlisha masalio yote unapata 916,500, ambayo ni sawa na 540,000 za kuanzia, kuongeza mapato, kutoa matumizi.

Sasa fungua ripoti ya matumizi. Ukipata namba nyingine, namba yenyewe inakuambia umekosea wapi:

- 523,500: kutoa taslimu kumehesabiwa kama matumizi. Hili ndilo kosa linaloua hesabu nyingi za nyumbani. Pesa imehama kutoka benki kwenda mfukoni. Bado ni yako. Ukiiandika kama matumizi, kisha ukaandika tena chakula ulichoinunulia, umeitumia mara mbili.
- 483,500: malipo ya kadi yamehesabiwa kama matumizi. Nguo zilishahesabiwa siku uliponunua. Kulipa kadi ni kuhamisha pesa kwenda kuzima deni.
- 473,500: mkopo wa ndugu umeingia kwenye matumizi. Dalili yake nyingine ni mapato kusoma 820,000, maana marejesho nayo yameonekana kama kipato.
- 453,500, na mapato 830,000: nguo iliyorudishwa imeandikwa kama mapato mapya. Inatakiwa ipunguze kundi la Nguo.

Miamala ya 2, 7, 8 na 9 yote ni uhamisho. Kila programu niliyoitaja inao, ila hauwekwi mahali pamoja. Kwenye nyingine ni aina ya muamala unayochagua juu ya fomu. Kwenye GnuCash unachagua tu akaunti ya upande wa pili. Pima imekuchukua muda gani kuupata. Ukitafuta uhamisho kwa dakika kumi leo, ukiwa umetulia na mwongozo mbele yako, jioni ya siku ya uchovu hutautafuta.

Muamala wa 4 unapima mgawanyo wa risiti. Programu isiyoweza kugawa risiti itakulazimisha ama uandike miamala miwili, ambayo haitafanana na taarifa ya benki pale unapolipa kwa kadi, ama uweke kila kitu chini ya Chakula.

Umefanikiwa ukiwa umepata 423,500 katika angalau programu moja, na unaweza kueleza kwa nini kila uhamisho haukuhesabiwa.

## Hatua ya 7: Mtihani wa kutoka

Kabla ya kuingiza data halisi, jaribu kuitoa ya majaribio. Tafuta sehemu ya kuhamishia data nje, chagua CSV, kisha fungua faili hilo kwenye lahajedwali.

Angalia mambo manne: tarehe ipo kamili, kiasi kipo na alama yake ya kutoa, kundi limeandikwa, na jina la akaunti linaonekana. Angalia pia ule mgawanyo wa risiti ya 62,000 kama umetoka na mistari yake miwili. Programu fulani hutoa jumla tu na kudondosha mgawanyo, na utajua hilo siku unahama.

QIF, muundo wa zamani wa kuhamisha miamala kati ya programu, ni chaguo jingine, na HomeBank, KMyMoney na Money Manager Ex zinaweza kuitoa. GnuCash inasoma QIF lakini haitoi. Humo tumia CSV.

Programu iliyoshindwa mtihani huu ondoa, hata kama imefaulu ule wa miamala kumi.

## Hatua ya 8: Weka masalio ya kuanzia

Futa faili la majaribio, fungua jipya. Chagua siku ya kwanza ya mwezi kama tarehe ya kuanza. Usijaribu kurudisha mwaka mzima nyuma. Historia ndefu iliyoingizwa kwa haraka ina makosa ambayo utayatafuta kwa miezi.

Kwa kila akaunti weka salio lililosomeka kwenye taarifa ya tarehe hiyo. Kwa kadi ya mkopo na mikopo, salio ni deni, yaani chini ya sifuri. Wengi huliweka kama chanya na kushangaa kujiona matajiri.

Taslimu uliyohesabu leo si taslimu ya tarehe 1. Kama huna kumbukumbu ya siku hiyo, anzisha akaunti ya Taslimu kwa tarehe ya leo.

Umefanikiwa ukiona jumla ya mali ukitoa madeni ni namba unayoweza kuikubali kuwa ya kweli, hata kama haifurahishi.

## Hatua ya 9: Makundi machache

Programu nyingi huja na makundi mengi mno. Futa. Anza na 10 hadi 15, yaliyotokana na risiti zako na lile swali la Hatua ya 1.

Kipimo ni kimoja: kundi lina maana kama namba yake inaweza kukufanya ubadilishe kitu. Kugawanya Chakula kuwa Nafaka, Mboga na Vinywaji hakuna faida kama uamuzi wako ni mmoja tu, kupunguza au kutopunguza. Lakini kutenganisha chakula cha nyumbani na chakula cha kununua kimepikwa mara nyingi kuna faida kubwa.

Kundi la "Mengineyo" liwepo, ila lichunge. Likianza kuwa miongoni mwa matatu makubwa ya mwezi, lifungue usome kilichomo. Humo kuna kundi linalosubiri jina.

## Hatua ya 10: Kuingiza faili la benki

Unaweza kuandika kila kitu kwa mkono, na kwa miamala chini ya 40 kwa mwezi tungekushauri ufanye hivyo. Mkono unaoandika hukumbuka. Zaidi ya hapo, ingiza faili.

Benki ikitoa OFX, chagua OFX. Kila muamala ndani yake una namba ya utambulisho, kwa hiyo ukiingiza faili lilelile mara mbili programu inatambua marudio. CSV haina ulinzi huo. Inabidi programu ikisie kwa tarehe na kiasi, na wewe uhakiki.

Kwa CSV, mambo haya ndiyo huharibika:

- Tarehe. 03/04 ni tarehe 3 Aprili au 4 Machi? Programu haijui usipoiambia. Dalili ni miamala kutawanyika miezi isiyo yake, huku ile ya tarehe 13 na kuendelea ikikataliwa.
- Mkato na nukta. Benki nyingine huandika 1.250,00 na nyingine 1,250.00. Chaguo likiwa baya, 1,250 inageuka 1.25.
- Alama. Faili lenye safu mbili, ya kutoka na ya kuingia, si kila programu inalikubali. HomeBank inataka safu moja ya kiasi, matumizi yakiwa na alama ya kutoa, na safu zenyewe zifuate mpangilio wake.
- Lahajedwali kuingilia kati. Ukifungua CSV kwenye lahajedwali na kuihifadhi, namba ndefu za kumbukumbu zinaweza kugeuzwa na sifuri za mwanzo kupotea. Tunza nakala ya awali isiyoguswa.

Ingiza wiki moja kwanza, linganisha salio, ndipo uingize mwezi. Kufuta mistari 15 ni kazi ndogo. Kufuta 300 iliyochanganyika na ya kweli kutakufanya uanze upya.

## Hatua ya 11: Linganisha salio

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayofanya nyingine zote ziwe na maana. Mara moja kwa mwezi kwa benki na kadi, mara moja kwa wiki kwa taslimu.

Shika taarifa ya benki. Chukua salio la mwisho na tarehe yake. Kwenye programu, weka alama kwa kila muamala unaouona pande zote mbili. GnuCash na KMyMoney zina dirisha maalum la kazi hii linalokuonyesha tofauti ikipungua hadi sifuri.

Isipofika sifuri, usibahatishe. Soma tofauti yenyewe:

- Tofauti ni sawa na muamala fulani: umesahaulika, au umeingia mara mbili.
- Nusu ya tofauti ni sawa na muamala fulani: umeuandika upande usio wake, pesa iliyotoka imeonekana imeingia.
- Tofauti inagawanyika kwa 9: huenda tarakimu zimepishana. Kuandika 45,000 badala ya 54,000 kunaacha 9,000.
- Tofauti ni ndogo na ya ajabu: tafuta ada na makato ya benki ambayo hayana risiti.

Usiweke muamala wa "marekebisho" kwenye akaunti ya benki ili tu ilingane. Benki ina rekodi ya kila kitu, kwa hiyo tofauti ina jibu. Ukilifunika mwezi huu, mwezi ujao utalikuta na wenzake.

Taslimu ni kesi nyingine, kwa kuwa haina rekodi. Hesabu, linganisha, na tofauti uiandike kwenye kundi la "Taslimu isiyojulikana". Huo ni ukweli, si kushindwa: pesa imetumika na hujui wapi. Kiasi hicho kikipungua wiki hadi wiki, uandishi wako unakomaa. Kisipopungua, andika matumizi ya taslimu siku hiyohiyo badala ya kusubiri mwisho wa wiki.

## Hatua ya 12: Nakala rudufu, na kuijaribu

Baada ya kila ulinganishi wa mwezi, nakili faili kwenye diski mweko na ulipe jina lenye mwaka na mwezi, mfano nyumba-2025-03. Jina la namna hiyo hupangika lenyewe kwa mfuatano.

GnuCash inayotumia faili la XML hutengeneza nakala zenye tarehe kila unapohifadhi, katika folda ileile, na kwa kawaida huzitunza siku 30. Zinasaidia ukikosea, hazisaidii diski ikifa, kwa sababu zitakufa nayo.

Ukihifadhi faili kwenye folda inayolandanishwa mtandaoni ili ulitumie kwenye kompyuta na simu, funga programu upande mmoja na usubiri ulandanishi umalizike kabla ya kufungua upande wa pili. Vinginevyo utapata mafaili mawili, kila moja likiwa na nusu ya ukweli. Yakishatokea, chagua lenye miamala mingi zaidi, na uongeze kwa mkono yaliyokosekana kutoka lingine.

Kisha fanya ambalo watu wengi hawafanyi: fungua nakala kutoka kwenye diski mweko, ikiwezekana kwenye kompyuta nyingine, na usome salio la Benki. Likiwa sawa na la faili kuu, nakala inafanya kazi. Kama faili limesimbwa, jaribio hili pia linathibitisha kwamba nywila uliyoiandika na kuihifadhi ndiyo yenyewe.

## Lini ubaki, lini uhame

Ipe programu miezi 3 kamili, yaani milinganisho mitatu. Mwezi wa kwanza utakuwa na mapengo, na hayo hayahesabiki dhidi yake.

Hama kama unashindwa kuandika uhamisho bila kusoma maelekezo kila mara, kama ripoti haijibu swali la Hatua ya 1 hata baada ya kurekebisha makundi, au kama uandishi wa wiki unazidi dakika 40. Usihame kwa sababu umeona nyingine ina rangi nzuri.

Ukihama, fanya hivyo tarehe 1 ya mwezi, mara tu baada ya ulinganishi uliofika sifuri. Toa data yote kwa CSV, hifadhi faili la zamani lisiguswe, na kwenye programu mpya ingiza masalio tu, si miamala ya zamani. Endesha zote mbili kwa wiki moja. Masalio ya pande zote yakifanana siku ya saba, ifunge ya zamani.